Mshika Bendera wa Masasi na Rangi ya Jani

Ukiwatajia reli watu wa Masasi wa umri wangu, hawakuelezi injini wala mabehewa. Wanamtaja yeye. Injini ilikuja, ikapiga kelele, ikaenda zake kama wageni wengine wa zama zile za mwisho za Mwingereza. Lakini yule mtu aliyesimama pale barabara ya Newala inapokata reli, kofia imemfunika masikio, bendera kwapani, alitusumbua sana hata kumsahau ni kazi. Jina lake nalijua. Silitaji, kwa kuwa mwenyewe hakulipenda. Alisema jina ni la nyumbani, kazini mtu ana cheo. Basi tukamwita kwa cheo chake: Mshika Bendera.

Mimi wakati huo nilikuwa napakia magunia stesheni, korosho na muhogo mkavu, kabla sijapata gari langu mwenyewe. Shule niliionja nikaitema. Kwa hiyo asiyetaka maneno ya mtu aliyejifunza kwa mgongo wake aishie hapa hapa, hatukudaiana.

Nianze na nguo zake, maana ndizo zilizotangulia kufika kila mahali. Kaki yake aliitia wanga wa muhogo. Si wanga wa kupakaza. Aliichovya kwenye uji kabisa, akaianika juani ikakauka kama ubao. Suruali ile ukiiegemeza ukutani inasimama yenyewe ikimngoja mwenyewe aingie. Akitembea unasikia kwa! kwa! kama mtu anayevunja mabua. Na hapo ndipo Mungu alipomwekea adui. Mbuzi wa Masasi walikuwa hawana malisho ya maana kiangazi, wakagundua kwamba mguu wa Mshika Bendera ni chakula. Ungemwona ameinua bendera nyekundu, treni nzima imemtii, inafoka moshi mbele yake, na nyuma yake beberu anamramba kisigino cha suruali.

"Baba Zainabu," ananiita bila kusogeza midomo, "mfukuze huyo."

"Mfukuze mwenyewe, bwana mkubwa."

"Niko kazini."

"Basi na yeye yuko kazini."

Hakugeuka. Hata siku moja sikumwona akigeuka bendera ikiwa juu. Beberu alikula mpaka kwenye goti.

Kofia ilikuwa kubwa kuliko kichwa kwa sababu, nadhani, iliagizwa kwa ajili ya mtu mwingine. Ndani aliijaza sufi ya mto. Siku za joto sufi inamtoka pembeni ya masikio, na wale Wayao wachuuzi wa tumbaku wakasema kichwa cha Mmakonde kimepasuka kama tunda la msufi. Aliwasikia. Kesho yake treni ilipokuja aliwazuia upande wa pili na tumbaku yao mpaka treni ilipopita, ikasimama, ikapakuliwa, ikapakiwa tena. Walipolalamika akawaambia, "Treni haina shemeji."

Hilo lilikuwa neno lake kubwa. Treni haina shemeji. Alilisema kwa kila mtu, na ajabu ni kwamba alilisema pia kwa mama mkwe wake. Sisi huku mkwe ni mtu wa kupishwa njia, hata kikohozi chake unakiheshimu. Yule mama alikuwa ameshuka kutoka Chilangala, kapu kichwani, amekuja kumwona binti yake. Akafika relini, akakuta mkono wa mkwewe umenyooka na kitambaa chekundu.

"Simama!"

Mama wa watu akadhani hakumwona vizuri. "Ni mimi, mwanangu."

"Nimekuona. Simama."

"Treni yenyewe iko wapi?"

"Inakuja."

Na kweli ilikuwa haijaonekana. Tena Masasi ina tabu yake: ile milima ya mawe inarudisha sauti. Honi ikilia upande wa Nachingwea unaisikia pia inalia mlimani, na miezi ya kwanza watu walikimbia huku na huku wakiamini zinakuja mbili zigongane. Mama mkwe alisimama akasikiliza honi za pande mbili, kapu kichwani, jua kali, na treni ilipokwisha kupita akamtazama mkwewe kuanzia kofia mpaka kiatu. Akasema, "Mimi nilidhani binti yangu nimempa mtu. Kumbe nimempa kigingi."

Jioni Mshika Bendera alimchinjia jogoo, akampigia magoti, akaomba radhi kwa maneno matamu ya Kimakonde. Mama alipokubali na kuuliza kama kesho atapita bila kusimamishwa, mkwe akajibu, "Hapana, mama. Kesho pia treni haina shemeji."

Nyumbani kwake mambo yalikuwa hayo hayo. Reli yetu ilikuwa njia moja, na dereva hakuruhusiwa kuingia kipande cha njia mpaka akabidhiwe kijiti maalumu cha kipande hicho. Kijiti ni kimoja tu, kwa hiyo mwenye nacho ndiye mwenye njia, na mwenzake atangoja. Mshika Bendera aliupenda utaratibu huo kupita kiasi, akauleta chooni. Ua wao ulikuwa na kaya kadhaa na choo kimoja. Akachonga kijiti cha mpingo, akakipaka rangi, akakitundika kwenye msumari: anayekwenda chooni aende nacho, akirudi akitundike. Hakuna kijiti, hakuna njia. Watu walicheka, lakini kwa kweli aibu za kugongana mlangoni zikaisha. Mpaka siku mgeni mmoja wa Newala, mtu wa haraka, alipotoka chooni na kijiti mfukoni, akapanda basi, akaondoka nacho. Mshika Bendera akasimama mlango wa choo. Njia imefungwa! Kijiti kimo kwenye kipande! Mkewe, mama mwenye subira kuliko ardhi, alimwambia, "Bwana Bendera, ndani hamna mtu, chungulia." Akajibu, "Mimi sichungulii. Kijiti ndicho kinachochungulia." Ua mzima ulikwenda porini siku ile mpaka basi liliporudi, na mgeni alipoulizwa alisema alidhani ni mswaki wa zawadi.

Msidhani alikuwa mtu mbaya. Siku moja gunia la bibi kizee mmoja lilipasuka katikati ya reli, makopa ya muhogo yakatawanyika, na treni imeshapiga honi. Sisi tulimpigia bibi kelele aache. Mshika Bendera akachomeka bendera nyekundu kwenye mawe, akainama na suruali ile isiyokunjika, akaokota makopa yote, hata vipande vya ukubwa wa kucha, dereva akiliza honi kama mtoto aliyenyimwa. Alipomaliza alimfokea bibi yule mpaka bibi akalia. Ndivyo alivyokuwa. Mkono unatoa, mdomo unachoma.

Na jambo jingine la kushangaza: mtu huyu hakuwahi kupanda treni. Alisema ataipandaje naye ndiye anayeiamuru? Mchungaji hampandi ng'ombe wake.

Sasa niwaeleze habari ya rangi, maana ndiyo iliyomtikisa.

Sheria aliyofundishwa mwanzo ilikuwa hivi. Nyekundu, simama. Kijani, njoo polepole, kuna jambo. Nyeupe, pita, njia ni salama. Mchana vitambaa, usiku taa za rangi hizo hizo. Sheria ile ilimkaa kwa sababu iliafikiana na ya kwetu. Huku uwanda wa juu, Newala yote, ukikuta tawi bichi limelazwa njiani, majani yake mabichi, umeambiwa. Pengine kuna shimo, pengine kuna msiba, pengine kina mama wako kwenye unyago wao na mwanamume hana lake huko. Huulizi. Unasimama, unageuka, unatafuta njia nyingine. Mtoto anajua hilo kabla hajajua kuvaa nguo. Kwa hiyo alipoambiwa kijani ni rangi ya tahadhari, Mshika Bendera alisema, "Kumbe Wazungu nao wana akili."

Kisha akili ikabadilika. Siku moja karani wa stesheni alitukusanya wote, hata sisi wapakiaji, akasoma amri mpya. Tangu sasa nyeupe imefutwa. Dereva akiona mwanga mweupe usiku hajui kama ni taa ya reli au karabai ya muuza mishikaki. Rangi ya kupita sasa ni kijani. Ya polepole ni manjano, bendera mpya zinakuja. Na maneno pia yamebadilika: bendera nyekundu isiitwe tena bendera ya hatari, iitwe ishara ya kusimama, na mtu asiseme "salama," aseme "njia wazi." Mkaguzi atakuja mwenyewe kutoka pwani kumjaribu kila mshika bendera. Atakayefaulu atabaki na kofia. Atakayeshindwa atavua kofia, atapewa sururu, atakwenda kwenye gengi la kupiga kokoto chini ya mataluma, yale magogo yanayobeba reli.

Mshika Bendera aliuliza swali moja tu. "Kijani ni pita?"

"Pita," karani akasema.

"Pita kabisa?"

"Kabisa. Mwendo wote."

Ile bendera nyeupe aliyokuwa akiifua kwa buluu kila Ijumaa aliikunja akaipeleka nyumbani. Mkewe akaanza kuchujia togwa.

Akaanza kujifundisha, na Masasi ikapata tamasha la bure. Alisema mkono haufundishiki peke yake, lazima mwili wote ujue. Kwa hiyo kila alichokiona chekundu alisimama. Kila cha manjano alipunguza mwendo. Kila cha kijani alisema kwa sauti, "Njia wazi!" akapita kwa hatua ndefu. Akipita sokoni mbele ya pilipili anaganda. Kwenye mapapai mabivu anatembea kama mwenye tende la mguu. Mwanamke wa kanga ya manjano akikatiza, Mshika Bendera anapunguza mwendo mpaka amepita, na mkewe akasema wazi kwamba sheria hii mpya haipendi.

"Nipunguze au nisipunguze?" akamuuliza. "Unataka nikapige kokoto?"

"Nataka upunguze macho."

Mimi nilimcheka kuliko wote, lakini nilijua hofu yake. Mtu yule bila kofia angekuwa nani? Alikuwa hana shamba la maana, hana mdomo wa biashara, hana hata uzuri. Alikuwa na ile njia panda tu, na sisi sote tuliokuwa tukimtukana tukiwa tumesimama. Bila kofia nani angesimama?

Wiki moja kabla ya mkaguzi kufika aliomba ruhusa kwenda kwao Mkunya, apumue. Nami nilikuwa nakwenda huko huko, kwani ndiko nilikooa. Tukapanda na lori mpaka juu, tukashuka, tukashika njia ya miguu katikati ya mikorosho na mihogo. Yeye mbele, kofia kichwani, kaki inalia kwa! kwa! Njia nzima anasoma masomo yake: mkorosho, njia wazi; muhogo, njia wazi; mpera, njia wazi. Uwanda wote ni kijani, basi alikuwa anatembea kama mtu mwenye jeshi nyuma.

Tukafika mahali tawi bichi limelazwa njiani, kutoka ukingo mpaka ukingo.

Mimi miguu ilisimama yenyewe. Yeye akaliruka.

"Njia wazi!" akasema.

"Wewe! Tawi hilo!"

"Kijani, pita!" akajibu bila kugeuka, akapotea kwenye kona.

Nilisikia ngoma huko ndani. Kisha nikasikia ngoma imenyamaza. Ndugu msomaji, kama hujawahi kusikia ngoma ya wanawake ikinyamaza kwa ghafula, usiombe. Halafu kelele moja, ya wengi. Halafu kwa! kwa! kwa! inarudi, safari hii mbio. Akatokea kwenye kona kichwa wazi, upara unang'aa, na nyuma yake kina mama wenye miko ya kupikia ugali. Alipolifikia tawi hakuliruka. Alilipitia katikati.

"Nimeona nini?" alikuwa akilia. "Sikuona kitu! Moshi tu na migongo ya wapishi!"

Kina mama walisimama kwenye tawi lao. Mmoja akainua kofia juu ya mwiko, ikiwa inadondosha sufi, akasema, "Kichwa chako tunacho. Kaa na mwili."

Tulikaa nyuma ya mkorosho. Mshika Bendera alikuwa ameweka mikono juu ya upara kama aliyenyeshewa mvua.

"Baba Zainabu, nimekwisha. Karani amesema asiye na kofia mkaguzi hamtazami. Nimekwisha mimi."

"Nini kilikupitisha pale? Umezaliwa hapa!"

"Nilikuwa nasoma," akasema.

Kungwi mkuu wa Mkunya alikuwa shangazi wa mke wangu, kwa hiyo kwangu ni mkwe. Kesho yake, unyago ulipopumzika, nilikwenda kwake nikaketi mbali, macho chini, kama inavyopasa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba Zainabu. Umekuja kwa ajili ya kofia."

"Nimekuja kukusalimu, mama."

"Salamu nimeipokea. Sasa sema ya kofia."

Nilitupa jicho. Kofia ilikuwa jikoni, wamefunikia chungu cha mbaazi. Nikaeleza yote: amri mpya, mkaguzi, kokoto. Alisikiliza akichambua mchicha. Mwisho akasema, "Mlete mwenyewe. Kichwa wazi."

Nikamleta. Kina mama wamekaa duara uani, yeye katikati, kachuchumaa, suruali imekataa kukunjika ikamlazimu atanue miguu kama chura. Kungwi akamwambia, "Haya, tufundishe. Jani ni nini?"

"Mama, Serikali imebadili. Kijani sasa ni pita."

Uani kukavuma. Mmoja akauliza kama Serikali imebadili na jua. Mwingine akasema labda mwakani wanaume ndio watakaozaa. Kungwi akainua mkono.

"Serikali ilimuuliza nani?"

"Sijui, mama. Karani alisoma tu."

"Jani si la Serikali. Jani lilikuwepo kabla babu yake huyo Mzungu hajajua kiatu. Umekula muhogo wa hapa, umeingizwa jando hapa, leo kitambaa kimekufundisha kuvuka jani?"

Mshika Bendera akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mkono mmoja hauwezi kushika sheria mbili. Nikikumbuka ya jani, nitasimamisha treni siku ya mkaguzi, nitashindwa. Nikikumbuka ya treni, nitavuka jani. Nifanyeje? Sina kazi nyingine ninayoijua."

Nadhani hapo ndipo kungwi alipomwonea huruma, ila hakuwa mtu wa kuionyesha.

"Sikiliza. Kule kwenye chuma chenu ukiinua hicho kijani, wewe mwambie treni apite. Sisi wanawake wa Mkunya tukikiona, tutasimama. Hatujui rangi hiyo kwa maana nyingine, na hatutajifunza. Tutaiheshimu mkononi mwako kama tunavyoiheshimu chini. Lakini jani letu likilala njiani, wewe utafanya nini?"

"Nitasimama."

"Hata ukiwa umevaa kofia?"

Mtu aliyemsimamisha mama mkwe wake na kapu kichwani sasa akajishika upara, mahali kofia inapokaa.

"Hata nikiwa nimevaa kofia," akasema.

Akapewa kofia, na bakuli la mbaazi juu yake, kwa sababu zilikuwa zimeiva.

Siku ya mkaguzi ilikuwa siku ya soko. Alikuja na toroli la kusukumwa relini, Mzungu mrefu mwekundu kuzidi bendera, na karani akamfasiria. Mshika Bendera alisimama, kaki inang'aa, kofia inanuka mbaazi. Sisi tukajipanga juu ya magunia kutazama.

"Nyekundu?"

"Ya hatari!" Karani akakohoa. "Ishara ya kusimama!" akarekebisha haraka.

"Manjano?"

"Polepole."

"Nyeupe?"

Hapo akasita, nikaogopa atasema togwa. "Haipo, bwana. Imekufa."

Mzungu akaandika. Kisha akasema sasa anataka kuona kwa macho yake. Treni ya Nachingwea ilikuwa imeshalia, mlima umeshaitikia. Njia ni wazi, akasema. Mshika bendera aipitishe.

Na wakati huo huo, barabara ya Newala, nikawaona. Kina mama wa Mkunya, mstari mrefu, vikapu vichwani, wanakuja sokoni, kungwi mbele. Nyuma yao baiskeli, nyuma ya baiskeli wale wachuuzi wa tumbaku, nyuma yao punda. Siku zote umati ule Mshika Bendera aliuonyesha nyekundu, nao ukamwonyesha mgongo. Alikuwa akiuzuia kwa matusi, si kwa kitambaa. Leo mkaguzi amesimama pale pale. Hawezi kutukana.

Aliinua kijani. Dereva akaiona, akafungua, treni ikaja kwa mwendo wote.

Kungwi naye akaiona. "Jani!" akasema.

Wakasimama. Wote, mara moja, kama uzi uliokatwa. Wakatua vikapu chini. Mwenye baiskeli akawagonga, akaambiwa, "Huoni?" Wachuuzi wa tumbaku wakataka kupenya, wakakutana na viwiko. Hata punda. Treni ikapita kati yetu, vumbi likatufunika, na lilipotulia wale kina mama walikuwa bado wamesimama vile vile, macho kwenye bendera, mpaka alipoishusha.

Mkaguzi alikuwa ameacha mdomo wazi. Pale hapakuwa na lango wala mnyororo. Akamuuliza kupitia karani: umewafanyaje watu hawa?

Mshika Bendera akajivuta, kaki ikalia. "Wananijua," akasema.

"Tunalijua jani!" kungwi akapiga kelele kutoka ng'ambo, lakini treni ikapiga honi, mlima ukarudisha, na karani hakufasiri.

Alifaulu. Tulimbeba juu juu, mimi nikiwa mguu wa kushoto. Alikuwa anacheka na kulia, ameshika kofia kwa mikono miwili. Jioni ile ile karani alikuja na habari nyingine. Mkaguzi amependezwa mno. Mtu hodari namna hii hawezi kuachwa kwenye njia panda ya vumbi. Amepandishwa cheo. Atakwenda Mtwara, stesheni kubwa ya bandari.

Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya nyumba yake.

"Mwambie hutaki," nikamwambia.

"Nimwambieje? Kwamba nimefaulu kwa bahati mbaya?"

Akaenda. Kwa lori, maana treni alikataa kuipanda hata kwa kuhamia. Sisi Masasi wakatuletea kijana mwenye kipenga.

Nilimwona tena mara moja, bado bendera ya Mwingereza iko juu bandarini. Nilikuwa nimeshapata gari, lile la kwanza lililokuwa likizimika kila mlima, nikashusha korosho Mtwara. Nikamuulizia. Wakanionyesha kijumba juu ya nguzo, chenye madirisha pande zote. Ndani yeye, kofia mpya inayomtosha, mbele yake vipini vya chuma virefu. Anavuta kipini, waya unalia, na kule mbali mkono wa chuma juu ya mlingoti unainuka au unalala. Hayo ndiyo yalikuwa mambo ya kisasa. Bendera zilikuwa kwenye ndoo pembeni, za dharura.

Alinipa chai. Alinieleza kila kipini. Kaki yake sasa inafuliwa na dobi, laini, haina sauti.

"Watu wanakutii?" nikamuuliza kwa utani.

"Watu gani?" akasema.

Nikatazama chini. Ua wa waya huku na huku. Mabehewa, makaa, reli nyingi zinang'aa, na mtu hakuna. Dereva alikuwa anautazama mkono wa chuma, hamtazami yeye. Niliona amezeeka ghafula, kama nguo iliyokosa wanga.

Nilipoaga aliniita nikiwa ngazini. Alikuwa anatazama pembeni.

"Baba Zainabu. Kuna kilango pale kwenye ua. Pita pale, uvuke reli kwenda barabarani."

"Gari langu liko upande huu."

"Najua. Vuka tu. Beba na mfuko wako."

Sikuuliza. Nilikwenda, nikafungua kilango, nikaingia relini na mfuko begani, natembea kama mtu mwenye shughuli zake. Nikawa nimefika reli ya pili.

"Wewe!"

Sauti ile. Ndege walitoka kwenye mabehewa. Nikageuka, nikamwona ametokeza dirishani mpaka kiunoni, kofia imesukumwa nyuma, nyekundu mkononi imenyooka.

"Simama hapo hapo! Unakwenda wapi? Hii njia ya mama yako?"

Taniboi wangu, kijana wa kunisaidia garini, alikuwa anapiga honi huko nyuma, gari limeshapakiwa, safari ya Masasi ni ndefu. Reli ilikuwa tupu pande zote mbili mpaka jicho linapoishia. Nikatua mfuko chini, nikasimama, na sikusogea mpaka alipoushusha mkono.